Sauti ya Dhiki: Je, Mshairi Hakuogopa?

Walimu wengi wa ushairi tumezoea kuiendea diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki (1973), tukiwa na jibu tayari mkononi. Mshairi ni jasiri, maudhui ni msimamo, toni ni ya ukakamavu. Mwanafunzi akiandika hivyo hupewa alama zake, nasi tukaendelea na inkisari. Jibu hilo si la uongo, lakini linaiacha nusu ya diwani nje ya darasa.

Tuanze na sheria. Mwaka 1968 Abdilatif aliandika kijitabu "Kenya: Twendapi?", na mwaka uliofuata akahukumiwa kwa uchochezi. Alikaa kifungoni hadi 1972, muda mrefu akiwa peke yake katika gereza la Kamiti. Sheria hiyo tuliyorithi kwa Waingereza, ambayo ilifutwa mwaka 1997, haikudai kwamba mshtakiwa awe ameiba au amempiga mtu. Ilihusu chuki na dharau ambazo maneno yake yangeweza kuziamsha dhidi ya serikali. Yaani ilikuwa sheria ya hisia. Serikali yenye polisi na majeshi ilijiona yaweza kujeruhiwa na moyo wa msomaji wa kurasa chache tu. (Sisi husisitiza kwamba nafsineni asichanganywe na mshairi, mahakamani hakuna nafsineni.)

Sasa, mtu aliyefungwa kwa ajili ya hisia za wengine alizifanyia nini hisia zake mwenyewe? Wengi hujibu kwa kutaja "Siwati". Wanafunzi wangu, ambao hawajawahi kuisikia Kimvita, hudhani neno lenyewe ni kosa la chapa, hadi waelezwe kwamba kuwata ni kuacha. Lakini hakuna asemaye "siachi" ila yupo anayemwambia aache, na pengine sauti hiyo imo kifuani mwake. Msimamo katika shairi hilo ni kazi anayoifanya nafsineni kila siku, wala si tabia aliyozaliwa nayo.

Shairi linalodhihirisha jambo hili zaidi ni "Jipu". Hapa sote hukimbilia istiari: jipu ni utawala dhalimu, kutumbuka kwake ni ukombozi. Sawa. Hata hivyo, kabla ya kuwa istiari, jipu ni jipu, na linauma. Linamtesa mwenye mwili na kumlazimisha kungoja. Tukiruka moja kwa moja hadi kwenye siasa, tunauacha mwili wa mfungwa ulale peke yake kwa mara ya pili. Halafu kuna "Koja la Huba", ambalo wanafunzi huuliza linatafuta nini miongoni mwa mashairi ya jela. Nami huwauliza: mngetaka aache kupenda kwa sababu amefungwa? Mtunzi mwenyewe, kwa kuipa diwani jina, alichagua dhiki. Hakuchagua ushujaa.

Mwalimu mwenzangu wa Thika hakubaliani nami. Anasema tukikazia udhaifu tutampunguza shujaa, na vijana wetu wana uhaba wa mashujaa. Hoja yake ina uzito, ila naona anayemwondolea mshairi hofu ndiye anayempunguza. Asiyeogopa chochote hakuhitaji kuandika kwa siri kwenye karatasi za choo.

Hapa Ruiru suala hili haliko mbali. Kamiti ni jirani yetu, na chuo cha askari wa magereza kimo mjini humu humu. Baadhi ya tunaowafundisha ni watoto wa askari hao. Mmoja wao, wa kidato cha tatu, aliniuliza kama mshairi hakuogopa. Kabla sijajibu akaongeza la pili: je, na aliyekuwa akimfungia mlango, yeye yumo katika diwani? Darasa lilicheka. Mimi sikuwa na jibu, kwa kuwa mwongozo niliokuwa nao haukumtaja askari ila kama mkono wa dola. Nikawaambia wakafikirie jambo moja: mashairi yaliandikwa ndani na kusomwa nje, na karatasi hazina miguu.

Wiki iliyofuata niliwapa swali la toni katika "Jipu". Kijana yule aliandika kwamba ni toni ya mtu anayeumwa na hataki mlinzi asikie, lakini anataka mtu fulani asikie. Mwongozo ulitaka neno moja. Nilimpa alama zote mbili.