Sean Connery na Lafudhi ya Fountainbridge

Mara ya kwanza nilipomwona Sean Connery sikumsikia. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, ndani ya kibanda cha video kando ya soko, tukitazama The Rock, filamu ya mwaka 1996 ambamo mfungwa mzee anatolewa kifungoni ili awaongoze wanajeshi kuingia kwa siri katika gereza la kisiwa cha Alcatraz. Wasomaji waliokulia Uganda wanavijua vibanda hivyo. Sauti ya filamu hupunguzwa, kisha VJ huketi na kipaza sauti akatafsiri kwa Kiganda, akitia mzaha wake na kuwabandika wahusika majina ya mitaani. Kwa miaka mingi, basi, Connery niliyemjua mimi alikuwa mzee wa ndevu za mvi anayezungumza Kiganda cha Kampala.

Sauti yake mwenyewe niliisikia nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, kwenye kompyuta ya mwenzangu wa bwenini. Filamu ilikuwa The Hunt for Red October ya mwaka 1990. Connery ni Marko Ramius, nahodha wa nyambizi ya Kisovieti, mzaliwa wa Lithuania, na anazungumza kama mtu aliyetoka jana kwenye mitaa ya Edinburgh. Herufi s mdomoni mwake inakaribia kuwa sh, na r hairuki hata moja. Nilicheka sana. Mwenzangu naye alicheka, tukawa tunamwigiza Ramius kila tulipokwenda kuchota maji.

Muhula huohuo nami nikachekwa. Nilikuwa nimesafiri hadi nchi jirani kwenye kongamano la wanafunzi wa Kiswahili, kusoma makala juu ya lugha ya kampeni za uchaguzi. Kwa wasiojua, katika Kiganda l na r ni sauti moja yenye nguo mbili: baada ya i na e tunasema r, kwingine l. Ndiyo maana hata lugha hii tunayoisomea huitwa Oluswayiri kwetu. Nilisimama nikaeleza jinsi wananchi wanavyoshawishiwa kwenda kupiga kula. Nililisema neno hilo mara nyingi, maana ndilo lililokuwa mada yangu. Ukumbi uliangua kicheko, na mwenyekiti wa kikao akasema kwa upole kwamba utafiti ni mzuri, ila lafudhi ya nyumbani bado imo. Kuhusu utafiti wenyewe hakuna aliyeuliza swali.

Niliporudi nilianza kumtazama Connery kwa jicho jingine. Alishindwa kubadilisha lafudhi, au alikataa? Na je, mhakiki ana haki ya kupima uigizaji kwa lafudhi? Katika makala haya ninadai kwamba wengi wanaomcheka, nikiwemo mimi wa zamani, tunapima kitu kisichofaa, na kwamba pale anapostahili kulaumiwa kweli, kosa si la matamshi.

Alizaliwa Edinburgh tarehe 25 Agosti 1930, katika mtaa wa wafanyakazi wa Fountainbridge. Baba yake alifanya kazi kiwandani na kuendesha lori, mama yake alikuwa msafishaji. Aliacha shule mapema akawa mgawa maziwa, akajiunga na jeshi la majini akiwa na miaka 16, akaachishwa kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Baada ya hapo alifanya kila kibarua: lori, uokoaji kwenye bwawa la kuogelea, kuwakalia wachoraji wa chuo cha sanaa, hata kung'arisha majeneza. Aliingia jukwaani kupitia kundi la waimbaji wa tamthilia ya muziki South Pacific, kwa sababu ya misuli zaidi kuliko kipaji.

Hapa kuna jambo ambalo wanaomcheka hawalitaji. Katika ziara za tamthilia hiyo mwigizaji Mmarekani, Robert Henderson, alimwelekeza vitabu vya kusoma: Ibsen, Tolstoy, Proust, Joyce, Shakespeare. Kijana aliyeacha shule alivisoma. Baadaye, jijini London, alihudhuria kwa miaka kadhaa madarasa ya Yat Malmgren, mnenguaji wa Sweden aliyefundisha waigizaji namna mwili unavyobeba nia ya mhusika. Matokeo yake yanaonekana hata kwenye filamu zake dhaifu. Mtazame anavyovuka chumba: mtu mkubwa wa futi sita na zaidi anayekanyaga kama paka. Aliyefanya kazi kiasi hicho juu ya mwili wake hatuwezi kumwita mvivu kwa sababu tu alibakiza ulimi wake.

Halafu akaja James Bond. Dr. No ilipotoka mwaka 1962, Bond wa vitabuni alikuwa muungwana wa Kiingereza, na mtunzi wake Ian Fleming hakupendezwa mwanzoni na uteuzi wa mtoto wa dereva wa lori. Mwongozaji Terence Young alimchukua Connery kwa mshona suti wake, akamfunza mikahawa na mvinyo. Mwili ukavalishwa uungwana, sauti ikabaki ya Scotland, ingawa ilipunguzwa makali. Mwaka 1964, katika riwaya ya You Only Live Twice, Fleming alimpa Bond baba Mskoti kutoka Glencoe. Wengi husema hiyo ilikuwa heshima kwa Connery. Fleming mwenyewe alikuwa wa ukoo wa Kiskoti, kwa hiyo sidai kwamba sababu ni moja. Lakini si kila siku mhusika wa kitabu hubadilishiwa ukoo ukafanana na mwigizaji wake.

Filamu za Bond zenyewe nitazipita haraka. Alicheza sita za mfululizo rasmi, na ya saba, Never Say Never Again, mwaka 1983 kwa watayarishaji wengine. Alizichoka mapema. Malipo yake ya Diamonds Are Forever ya mwaka 1971, zaidi ya dola milioni moja, aliyatoa kuanzisha mfuko wa elimu kwa Waskoti. Kazi iliyonishangaza zaidi ya miaka hiyo ni The Hill ya mwaka 1965, iliyoongozwa na Sidney Lumet: kambi ya adhabu ya jeshi la Uingereza jangwani, askari wakipandishwa kilima cha mchanga juani hadi waanguke. Hakuna suti wala gari. Humo lafudhi yake haichekeshi mtu, kwa kuwa jeshi hilo lilijaa watu wa kila lafudhi.

Turudi kwenye nyambizi iliyonichekesha. Niliitazama tena, safari hii kwa daftari. Filamu inaanza kwa Kirusi, na Connery anakizungumza. Kisha, ndani ya chumba cha nahodha, afisa wa siasa anasoma kwa sauti kutoka kwenye kitabu. Kamera inasogea taratibu mpaka kwenye midomo yake, inafika neno Armageddon, neno linalofanana katika lugha zote mbili, na kamera inaporudi nyuma wanazungumza Kiingereza. Baadaye Wamarekani wanapoingia nyambizini, Wasovieti wanarudi kwenye Kirusi chao. Filamu imetuambia waziwazi: hiki mnachosikia ni tafsiri. Ikiwa ni tafsiri, kwa nini tafsiri ya Mlithuania iwe Kiingereza cha London na isiwe cha Edinburgh? Tuliozoea vibanda vya video tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo. Hakuna aliyewahi kumwuliza VJ kwa nini mfungwa wa Alcatraz anasema Kiganda.

Hoja hiyo hainisaidii kwenye The Untouchables ya mwaka 1987. Humo Connery ni Jim Malone, polisi mzee Muairishi wa Chicago, na Chicago hiyo inazungumza Kiingereza. Hakuna tafsiri ya kujifichia. Mwaka 2003 wasomaji wa jarida la filamu la Empire la Uingereza waliichagua lafudhi hiyo kuwa mbaya kuliko zote katika historia ya filamu. Na uhusika huohuo ndio uliompa tuzo yake pekee ya Oscar, ya mwigizaji msaidizi bora.

Nadhani pande zote mbili zilisikia sawa. Lafudhi ni mbaya kweli: inaanza Ireland, dakika mbili baadaye imerudi Scotland. Lakini angalia Malone anavyofanya kazi. Kuna tukio la kumchagua kijana hodari wa kulenga shabaha, anayejitambulisha kama George Stone. Malone anahisi uongo, anambana, anamtukana kwa makusudi mpaka kijana anatoa jina lake la kuzaliwa la Kiitaliano, Giuseppe Petri, na bastola juu. Malone anafurahi: huyu anatufaa. Mzee wa kabila moja la wahamiaji anamlazimisha kijana wa kabila jingine aache kujificha. Connery, ambaye mababu zake upande wa baba walitoka Ireland, analicheza tukio hilo kwa macho na kwa namna anavyosimama karibu mno na mwenzake. Na Malone anapokufa, akijivuta sakafuni nyumbani kwake akiwa ametapakaa damu, hatuzikumbuki irabu zake. Ningekuwa mtoa alama, ningekata chache kwenye matamshi na kuacha nyingi mahali pake.

Kuna hata filamu inayolichezea jambo hili. Katika Highlander ya mwaka 1986 Connery, Mskoti, ni Mmisri mwenye jina la Kihispania, na anayecheza Mskoti ni Christopher Lambert aliyekulia katika Kifaransa. Yuko tukio ambapo Connery anauliza haggis ni kitu gani, yeye aliyezaliwa katika nchi ya haggis.

Sasa lawama. Katika The Wind and the Lion ya mwaka 1975 yeye ni Raisuli, chifu wa Waberber wa Morocco, kwa kilemba na Kiingereza cha Fountainbridge. Katika filamu ya You Only Live Twice ya mwaka 1967 anapakwa rangi na kuvalishwa nywele eti awe Mjapani. Wahakiki wakicheka lafudhi katika filamu hizi wanakwepa swali zito. Hata kama angeiga lafudhi ya Morocco bila dosari, bado Mmorocco mwenyewe asingekuwa ameitwa kwenye kazi hiyo. Lafudhi ya Connery inatufaidi kwa namna moja: inatuonyesha mshono. Inatukumbusha kila dakika kwamba aliye mbele yetu si Mberber. Lakini uhuru aliokuwa nao wa kuzungumza kama kwao popote ulikuwa uhuru wa nyota. Mgeni asiye na jina angekatiwa mkataba. Nikijilinganisha naye, nisijisahau: mimi sina mkataba.

Sitaki pia makala haya yawe ya kusifu tu. Katika mahojiano ya mwaka 1965 na jarida la Playboy alisema haoni ubaya mkubwa kumpiga mwanamke, na mwaka 1987, mbele ya Barbara Walters, alishikilia msimamo huo kwenye televisheni. Mke wake wa kwanza, mwigizaji Diane Cilento, aliandika kwamba alimpiga, yeye alikanusha. Nilipoyasoma hayo niliacha kuandika kwa wiki nzima. Niliporudi, ukali wa Bond kwa wanawake, ambao watu wa rika la baba zangu huuona kama mchezo, sikuweza tena kuuona hivyo.

Filamu ambayo ningemwonyesha mtu asiyemjua ni The Man Who Would Be King, pia ya 1975, iliyoongozwa na John Huston. Connery na Michael Caine ni askari wa zamani wa jeshi la Uingereza huko India wanaokwenda Kafiristan kujitafutia ufalme. Connery, kwa jina Danny Dravot, anadhaniwa mungu, kisha anaanza kuamini. Siku ya harusi bibi harusi kwa hofu anamng'ata, damu inatoka, na watu wanaona kwamba miungu haitoki damu. Wanamsimamisha juu ya daraja la kamba na kuanza kukata. Hapo anaimba wimbo wa dini, kwa sauti isiyo ya kifalme hata kidogo. Taji lingali kichwani, lakini anayeimba ni askari wa kawaida aliyetoka mbali. Ufalme wote aliuigiza, sauti haikuwahi kuondoka kwao. Huston angempa uhusika huo mtu wa matamshi safi ya shule kubwa za Uingereza, tukio hilo lisingekuwa na kitu.

Connery alipewa cheo cha Sir mwaka 2000, mjini Edinburgh, akiwa amevaa vazi la Waskoti. Alitetea uhuru wa Scotland kwa miaka mingi, lakini alikuwa akiishi Bahamas, kwa hiyo kura ya maoni ya mwaka 2014 ilipopigwa hakuwa na kura (hapa nimeandika, kwa hiyo iko sawasawa). Alifariki Nassau tarehe 31 Oktoba 2020, akiwa na miaka 90.

Likizo iliyopita nilipita kwenye kile kibanda cha utotoni. VJ ni yuleyule, ameongeza tumbo. Nilimwuliza kama anamkumbuka mzee wa The Rock. Alimkumbuka vizuri, kwa sababu yeye, tofauti na sisi tuliokuwa kwenye mabenchi, alilazimika kumsikiliza kwa vipokea sauti masikioni. Alisema Kiingereza cha mzee yule kilimtoa jasho, na kwamba kila alipokwama alimtungia maneno yake mwenyewe.