Tundu la Kidumu

Chukua kidumu cha mafuta ya kula cha lita 5, kioshe kwa maji ya moto na sabuni, kitoboe tundu moja karibu na kitako, kisha kisimamishe ndani ya sahani pana ya plastiki. Kama tundu liko chini kidogo ya ukingo wa sahani, na kifuniko kimekazwa barabara, maji yatatoka, yatapanda mpaka yalifunike tundu, halafu yatasimama yenyewe. Kuku akinywa, maji hushuka na tundu hufunuka. Hewa huingia, na maji mengine hutoka kuziba pengo. Toboa juu zaidi ya ukingo na kidumu kizima kitamwagikia sakafuni. Maranda yatalowa, na maranda mabichi ndiyo makao ya kuhara damu.

Katika vyombo vyote vya banda la kuku, hiki ndicho nikipendacho zaidi. Aliyenunua chombo cha maji dukani hana haja ya kujua hewa inaingilia wapi. Aliyekitengeneza hana budi kujua, na akishajua, kikikataa kutoa maji saa sita za mchana hatahitaji fundi: ataangalia tundu. Watu husema mfugaji wa namna hii anabana matumizi, na ni kweli. Lakini mimi namheshimu kwa jambo jingine. Kila chombo chake amekipima kwa mwili wa kuku: urefu wa shingo, upana wa kifua, namna anavyoparua chakula. Kwa vifaranga wa siku za mwanzo huweka kokoto safi ndani ya sahani ili wapate kunywa bila kuzama.

Ufundi huu hufika kileleni kwenye kinengunengu, mahali pa kulelea vifaranga wasio na mama. Vifaa vyenyewe ni maboksi yaliyokunjuliwa na kuunganishwa kuwa duara, maranda chini, na jiko la mkaa la udongo katikati, lililozungushiwa matofali ili kifaranga asiungue. Duara lina sababu yake. Vifaranga wakisikia baridi hukimbilia pembeni na kulaliana, na wa chini hufa kwa kukosa pumzi. Palipo duara hapana kona ya kufia. Juu huachwa wazi kiasi, maana moshi wa mkaa huua kimyakimya. Wiki ya kwanza joto linalotakiwa ni nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha hupunguzwa kama nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya yaote.

Na asiye na kipimajoto? Hapo ndipo ninapomvulia kofia mfugaji wetu, kwa sababu vifaranga wenyewe humsomea. Wakisongamana karibu na jiko wakilia, ni baridi. Wakijitenga mbali na jiko, midomo wazi na mabawa yamelegea, ni joto. Wakirundikana upande mmoja, kuna upepo unaopenya mahali. Wakitawanyika kotekote, wengine wanakula na wengine wamelala, mambo ni shwari. Mama aliyezoea kuamka usiku kuwatazama anajua hali yao kwa sauti tu, kabla hajafika mlangoni.

Mengine ni mepesi. Mabanzi kutoka kwa wapasua mbao hutosha ukuta, kikapu chakavu chenye nyasi kavu hutosha kiota, na kichanja kiwe mti wa mviringo usio na kona kali, maana kuku hulala amekunja vidole.

Boksi la viatu lenye tundu dogo, na tochi ya simu ndani yake, hufichua siri ya yai. Siku ya 7 ya kuatamia, ndani ya chumba chenye giza, yai lenye uhai huonyesha mishipa myekundu iliyotanda kama utando wa buibui. Lisilo na mbegu hubaki angavu. Ukiwa na kuku wawili walioanza kuatamia siku moja, unaweza kukusanya mayai mazima chini ya mmoja, asubiri siku ya 21, na mwenzake akarudi kutaga.

Mahali pamoja tu sikubali mtu abane pesa: chanjo ya mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu ukiingia unaweza kufagia banda zima kwa siku chache, na hauna dawa. Chanjo ya I-2 ilibuniwa Australia mahususi kwa vijiji visivyo na majokofu, kwani huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, na Tanzania hutengenezwa humuhumu nchini. Ni tone moja jichoni, kipimo kilekile kwa kifaranga na kwa jogoo, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Kichupa kimoja huzidi kuku wa kaya moja, kwa hiyo majirani hupatana siku, wakawachanja alfajiri kabla hawajafunguliwa. Mmoja hushika, mwingine hudondosha na kungoja mpaka kuku apepese jicho. Gharama hugawanywa kwa hesabu ya kuku: mwenye watatu hulipia watatu, mwenye thelathini hulipia thelathini.