Barua kwa Asiyekuwepo

Ushairi wa Kiswahili umekulia katika kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga akijua kuwa Lamu wapo watakaomjibu, na kisiwani Pemba Kamange na Sarahani walipelekeana tungo hata kila mmoja akamnoa mwenziwe. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza mjini Dar es Salaam mwaka 1923, mchezo huo ukapata posta: washairi wa miji ya mbali wakafumbiana na kufumbuliana kurasani, wengine bila ya kuonana maisha yao yote. Kwa hivyo anayetaka kuzipima hadithi za picha za leo, pamoja na barua ambazo wasomaji huwapelekea watungaji wake, hana haja ya kuazima mizani ugenini. Mizani ipo nyumbani. Jibu huwa na uzito pale linapomlazimisha aliyeanza aubadili ubeti wake unaofuata.

Hadithi za picha nazo zina ukoo wake. Katika miaka ya 1960, wasomaji wa gazeti la Uhuru walimjua Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory. Baadaye likaja Sani, gazeti lililopata jina kwa kuunganisha silabi za waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Humo waliishi Madenge, Pimbi, Kipepe, Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Jina hili la mwisho peke yake ni fumbo timamu: nyoka anayesadikiwa kuwa na vinywa viwili, amegeuzwa mtu wa mjini. Philip Ndunguru, aliyewapa uhai wahusika wakuu wa gazeti hilo, alifariki mwaka 1986, lakini wahusika hawakuzikwa naye. Kalamu nyingine ziliendelea kuwachora. Mhusika aliyeumbika vyema humshinda mwenyewe kwa umri, na msomaji anapokuwa na neno la kusema, humwendea mhusika kwanza.

Neno hilo hubadilika kwa masafa. Makambako ni mji wa njia panda: hapo reli ya TAZARA hukutana na barabara kuu ya kwendea Mbeya, na hapo ndipo huchipuka barabara ya kusini ielekeayo Njombe na Songea. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600, na Njombe yenyewe iko mbele yake kwa kilomita kama 60, katika nyanda za baridi, chai na miwati. Kijana wa huko huiona dunia ikipita mbele yake kwa basi na kwa lori. Gazeti linaloshuka hapo huwa kitu cha kuazimana. Kuliandikia ni namna ya kuisimamisha dunia ipitayo na kuiambia: na huku wako watu.

Wala hayo ya kuandika si ya upuuzi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2011–12 uliukuta mkoa wa Njombe na maambukizi ya virusi vya UKIMWI ya asilimia 14.8 kwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 49, kiwango kilichoipita mikoa yote. Shirika la Femina lililoanza mwaka 1999, na gazeti lake la Si Mchezo! lililozaliwa mwaka 2003 kwa ajili ya vijana wa vijijini, yalielewa kuwa penye haya ya kusema, kalamu huthubutu. Swali lisiloulizika mbele ya mama wala mwalimu huulizika kwa karatasi, khasa mjibuji akiwa hana uso.

Njozi iliyoichukua siri hiyo mbali zaidi ni Shujaaz, iliyoanzia Nairobi mwaka 2010 na kupata tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012. Shujaa wake, DJ Boyie, ni kijana aliyemaliza shule asiye na kazi; chumbani mwake amejificha na mtambo wa redio, na kutoka humo huyateka mawimbi ya hewani bila ya hata wazazi wake kujua. Ilipovuka mpaka kuja Tanzania, kiti hicho alikalia DJ Tee. Wasomaji humwandikia kwa simu na kwa mitandao, na wengi humsemesha yeye mwenyewe kama ndugu. Wanaojibu ni jopo la waandishi waliovaa jina lake.

Mkali wa nidhamu atasema huu ni udanganyifu: mtu wa kweli ameeleza shida ya kweli, akajibiwa na mzuka. Hoja hiyo ina nguvu, ila imesahau tulikotoka. Shaaban Robert aliiumba Kusadikika, nchi inayoelea hewani, na jina alilochagua limebeba kanuni nzima ya sanaa: kitu chaweza kutokuwepo na bado kikasadikika. Msomaji wa Njombe anayemwita DJ Tee kaka hajapotewa na akili. Amekubali mkataba, kama mshairi anavyomwita mpinzani wake kwa lakabu na kumsemesha kwa lakabu hiyo. Kinyago humsaidia mwandikaji kusema lililo zito.

Upungufu wa kazi hizi uko kwengine. Aghalabu barua hurudi kwa mwenyewe ikiwa imegeuzwa somo: swali laja limejaa hofu na ucheshi, na jibu laondoka limenyooshwa kama tangazo la kliniki. Wafadhili wana ujumbe wao, na ujumbe hauna subira ya hadithi. Tena shujaa husema Kiswahili cha vijiwe vya mjini. Mtoto wa Makambako ajuae ladha ya Kibena chini ya Kiswahili chake hujikuta akiazima sauti ya Dar es Salaam ili asikike, na kumbe sauti yake mwenyewe ndiyo ingeitajirisha hadithi. Lau barua moja kutoka nyanda hizo ingempandisha shujaa basi, ikampeleka asikokujua, akapigwa na baridi ya Juni na kushindwa kulijibu swali aliloulizwa, hapo watungaji wangekuwa wamejibu kweli.

Kushindwa huko ndiko kunakokosekana. Katika malumbano, malenga aliyebanwa hukiri kwa kubadili bahari au kwa kunyamaza, na hadhira hulielewa lile nyamazo. Shujaa wa picha hanyamazi. Kila barua ina jibu, na kila jibu lina namba ya kupiga. Namba hiyo yaweza kuokoa maisha, wala si jambo la kubeza katika mkoa wenye takwimu kama zile. Lakini namba ni kazi ya zahanati. Kazi ya hadithi ni kumwonesha aliyeandika kwamba neno lake limefika, na kwamba baada yake hadithi haikuweza tena kwenda ilikokuwa ikienda. Watungaji wa Shujaaz wana wasomaji ambao mshairi yeyote wa magazeti ya zamani angewaonea kijicho. Wawaachie wasomaji hao waharibu mipango ya hadithi, angalau mara moja kwa kila toleo.