Meseji ya Sauri na nyuzi zilizoibeba

Mhudumu wa afya ya jamii, nyamrerwa kama tunavyomwita huku Nyanza, anamfunga mtoto utepe mkononi, na kipimo kinaangukia kwenye nyekundu. Anatoa simu yake ya vibonyezo, anaandika namba ya mtoto na kipimo chake, anatuma. Muda si muda simu inalia: mtoto huyu ana utapiamlo mkali, apelekwe kituo cha afya.

Hivyo ndivyo ChildCount+ ilivyofanya kazi Sauri, kule Siaya, karibu na Yala kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, kuanzia Julai 2009. Ilikuwa sehemu ya Mradi wa Vijiji vya Milenia wa Chuo Kikuu cha Columbia, na aliyeiongoza ni Matt Berg. Katika miezi mitatu ya kwanza wahudumu wapatao 100 walisajili zaidi ya watoto 9,000 walio chini ya miaka mitano. Mengi yameandikwa kuhusu afya ya watoto hao, na yanastahili. Mimi ni mwandishi wa programu, na kinachonikosesha usingizi ni kile kipindi kifupi kati ya kutuma na kujibiwa. Nani alikuwa kazini ndani ya seva wakati ule? Na kama angeanguka katikati ya kazi, ile meseji ingeishia wapi?

Programu ya wavuti imezoea kazi fupi. Kivinjari kinaomba ukurasa, programu inautengeneza, inaupeleka, inamsahau mgeni wake. Kazi ya meseji haiingii kwenye mkao huo. Modemu inayopokea meseji inabidi isikilizwe mchana na usiku. Msimamizi anapaswa kuarifiwa, na nyamrerwa akumbushwe mtoto ambaye hajaonwa kwa wiki kadhaa, hata kama hakuna mtu yeyote aliyefungua ukurasa saa hiyo. Lazima pawepo mkono unaofanya kazi nyuma ya pazia.

ChildCount+ ilijengwa juu ya RapidSMS, programu huria iliyoanzishwa na kitengo cha ubunifu cha UNICEF, iliyoandikwa kwa Python juu ya Django, kiunzi cha kujengea programu za wavuti. Wakati huo RapidSMS iligawanywa kwenye michakato miwili: mmoja ulihudumia kurasa za wavuti, mwingine ulikuwa ruta ya meseji. Ndani ya ruta kila njia ya kupokea ujumbe ilipewa uzi wake. Uzi, au thredi kama tunavyosema tukiwa kazini, ni mkondo mmoja wa utekelezaji ndani ya mchakato. Nyuzi nyingi zinaweza kwenda pamoja na kuchangia kumbukumbu ileile. Uzi wa modemu ulipopata meseji uliitia kwenye foleni, na ruta ikaichukua na kuipitisha kwenye hatua zake: kuchuja, kuisoma, kuishughulikia, kusafisha, kisha jibu likatoka. Kazi za ratiba nazo zilikuwa na uzi wao, ulioamka kila mara kutazama kama saa ya kazi fulani imefika.

Uamuzi huo ulikuwa na akili. Ni kweli kwamba Python ya kawaida huruhusu uzi mmoja tu kutekeleza maagizo kwa wakati mmoja ndani ya mchakato, na wengi huishia hapo wakasema nyuzi za Python ni bure. Lakini uzi unaosubiri modemu au mtandao huachia zamu ili mwingine uendelee, na kazi ya SMS karibu yote ni kusubiri. Wavuvi wa omena wa ziwa letu wanalijua jambo hili. Usiku usio na mwezi huweka taa kadhaa zikielea juu ya maji, kila moja ikakusanya samaki wake, kisha kundi moja la wavuvi huzipitia taa hizo kwa zamu na wavu mmoja. Wangekaa na taa moja hadi mwisho, alfajiri ingewakuta na nusu ndoo.

Tabu ilianzia kwingine. Ruta na wavuti ilikuwa michakato miwili tofauti, kwa hiyo haikuchangia kumbukumbu. Msimamizi aliyekaa mbele ya ukurasa akitaka kumtumia nyamrerwa ujumbe, ukurasa haukuweza kuita ruta moja kwa moja. Ilibidi ubishe hodi kupitia kidirisha kidogo cha HTTP kilichofunguliwa ndani ya ruta kwa kazi hiyo. Ruta ikiwa imelala, mbisha hodi hakujibiwa. Foleni nayo ilikaa kwenye kumbukumbu ya mchakato. Umeme ukikatika, na sisi wa huku tunajua hukatika, kilichokuwa kwenye foleni kilitoweka nao.

Tabu iliyojificha zaidi ilikuwa kwenye hifadhidata, na hapa naomba tusogee karibu.

Django ya zamani, kabla ya toleo la 1.6 la mwaka 2013, ilifungua muamala, yaani kifurushi cha shughuli za hifadhidata kinachohesabiwa kama kitu kimoja, mara tu ulipoiuliza hifadhidata swali la kwanza, na ikauacha wazi mpaka kitu fulani kiufunge. Kwenye ukurasa wa wavuti hilo halikuumiza, kwa sababu ombi likiisha muunganisho hufungwa na muamala huisha nao. Lakini uzi wa nyuma hauna ombi linaloisha. Unaishi wiki nzima. Ukiwa juu ya MySQL, kwa mpangilio wake wa kawaida wa InnoDB, muamala ulio wazi huonyeshwa hifadhidata kama ilivyokuwa uliposoma mara ya kwanza. Sasa fikiria uzi unaosoma tu, bila kuandika chochote, ulioanza Jumatatu asubuhi. Mtoto aliyesajiliwa Jumatano, kwake hajazaliwa. Unauliza orodha ya watoto wa kukumbushiwa, unapewa ya Jumatatu, na kwenye kumbukumbu za makosa hakuna hata mstari mmoja. Mhandisi akifungua hifadhidata kwa mkono wake anamwona mtoto yupo. Anawasha ruta upya, kila kitu kinakaa sawa, anarudi nyumbani akiamini ametibu ugonjwa. Dawa yake ni ndogo: kila mzunguko wa uzi ukiisha, funga muamala na uachie muunganisho. Ni mstari mmoja au miwili tu, ila sharti ujue kwamba unahitajika.

Nami niliwahi kuangukia shimo la jirani. Chama kimoja cha akiba hapa Kisumu kiliniomba mfumo wa kuwakumbusha wanachama michango yao. Niliandika uzi ulioanza pamoja na programu ya wavuti, nikaujaribu kwenye kompyuta yangu, ukafanya kazi vizuri. Kwenye seva, programu ile iliendeshwa kwa michakato minne, na kila mchakato ukawasha uzi wake. Wanachama walipata ukumbusho ule mara nne alfajiri. Mama mmoja alidhani anadaiwa mara nne, akaanza kutafuta mkopo. Nilimpigia simu mwenyewe kumwomba radhi.

Jibu ninaloliheshimu zaidi lilitoka Kigali. Kampuni ya Nyaruka, ya Nic Pottier na Eric Newcomer, iliandika rapidsms-httprouter, ambayo UNICEF Uganda iliitumia kwenye Ureport. Waliihamishia ruta ndani ya programu ya wavuti. Meseji ikaingia kama ombi la HTTP, ikashughulikiwa ndani ya ombi hilohilo, na muamala ukaisha nalo. Kila ujumbe, wa kuingia na wa kutoka, uliandikwa kwenye jedwali la hifadhidata pamoja na hali yake. Za kutoka zilipelekwa na nyuzi chache zilizoishi ndani ya programu ileile ya wavuti.

Nyuzi zilibaki, ila kazi haikukaa tena ndani yake. Ilikaa kwenye jedwali. Uzi ukifa, mstari unabaki pale ukisema unasubiri, na uzi mwingine utaukuta. Tatizo langu la michakato minne nalo hutatuliwa palepale: kabla ya kutuma, uzi hubadilisha hali ya mstari kuwa umeshikwa, kwa sharti kwamba bado unasubiri, kisha hutazama ni mistari mingapi iliyobadilika. Ikiwa mmoja, kazi ni yake. Ikiwa hakuna, mwenzake amemtangulia.

Upenyo mmoja hauzibiki kabisa. Uzi unaweza kutuma meseji kisha ukafa kabla ya kuandika kwamba imetumwa. Ukiirudia, mtu ataipata mara mbili. Usipoirudia, huenda isifike kamwe. Hapo lazima mwandishi wa programu aulize meseji inasema nini. Ya mtoto mwenye utepe mwekundu irudiwe bila kusita. Ya kutoa pesa isirudiwe mpaka mtu ahakikishe.

RapidSMS yenyewe iliachana na ruta ya nyuzi kuanzia toleo la 0.10. Leo unaweza kushughulikia meseji ndani ya ombi, au kuikabidhi Celery, ambayo huweka kazi kwenye foleni ya nje kama Redis na kuziendesha kwa michakato ya pembeni. Nyaruka nao, walipojenga RapidPro pamoja na UNICEF, walishika njia ya Celery na Redis, na baadaye wakahamishia kazi nzito kwenye programu za lugha ya Go. Kwa mifumo ya nchi nzima hiyo ndiyo njia.

Kwa zahanati yenye seva moja, sikubaliani na wanaosema uzi ndani ya programu ya wavuti ni dhambi. Celery na Redis ni vitu viwili vya ziada vinavyoweza kuzimika usiku bila mtu wa kuviona, na zahanati nyingi za pwani hii ya ziwa, kuanzia Usenge hadi Mbita, hazina mhandisi wa zamu. Jedwali moja, uzi mmoja, muamala unaofungwa kila mzunguko, na ukurasa unaoonyesha ujumbe uliosubiri zaidi ya dakika tano: nesi anaweza kuuangalia huo mwenyewe kila asubuhi.

Nikipewa mfumo wa aina hii kuukagua, siombi kwanza kuona msimbo. Natuma meseji 20, nachomoa waya wa umeme wa seva zikiwa katikati, naurudisha, kisha nakaa na simu mkononi nikihesabu majibu.