Kujiamini Hujengwa kwa Magoti: Somo la Kibera kwa Mtoto wa Barafuni

Katika Spurgeons Academy, shule iliyo ndani ya Kibera, somo la balei huanza kwa kuhamisha madawati. Watoto hufagia sakafu ya saruji, hujipanga mistari na kuanza, wengi wao miguu mitupu. Mwalimu aliyelijengea darasa hilo jina ni Mike Wamaya, ambaye mwaka 2017 alikuwa miongoni mwa walimu kumi waliofika fainali ya tuzo ya Global Teacher Prize. Picha za darasa lile alizopiga Mswidi Fredrik Lerneryd zilizunguka dunia, na wengi walizitazama kwa sababu ya nguo za densi mbele ya kuta zilizochakaa. Mimi hutazama shingo. Shingo za watoto wale zimenyooka, mabega yameshuka, macho yanaangalia mbali. Mtoto hapati mkao huo kwa kuambiwa ajiamini. Kuna kazi iliyofanyika, na inafaa kuichambua, hasa kwa manufaa ya mtoto anayejifunza kuteleza kwa madoido juu ya barafu.

Nairobi ilipata uwanja wa barafu mwaka 2005, katika hoteli ya Panari, Mombasa Road. Sifa zake nyingi zimechukuliwa na hoki ya timu ya Ice Lions, na mwaka 2024 Kenya ilipokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Kuteleza kwa madoido, yaani miruko na mizunguko inayofuata muziki, hakujapata nafasi kubwa hivyo. Mtoto wa Kawangware anayeutaka mchezo huu hupanda matatu nambari 46 hadi mjini, kisha nyingine ya kuelekea Mombasa Road, halafu kuna ada ya kuingia na viatu vya kukodi. Akifika, kila dakika ina bei na kila anguko lina watazamaji. Kujiamini huvunjika haraka sana katika hali hiyo, na ndiyo maana mpangilio wa mazoezi una uzito kuliko maneno ya kutia moyo.

Ushahidi wa hilo upo: mwaka 1969 mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake walifanya kazi na watu waliokuwa na hofu kubwa ya nyoka. Baadhi walitazama filamu ya watu wakimshika nyoka. Wengine walifunzwa kutuliza mwili huku wakimwaza nyoka. Kundi jingine lilisimama na mtaalamu ambaye kwanza alimshika nyoka mwenyewe, kisha akawaongoza wamguse, wakiwa na glavu kwanza, hatimaye kwa mikono mitupu. Kundi hili ndilo lililofaulu zaidi. Mwaka 1977 Bandura alichapisha nadharia yake kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hutokana na mambo manne: yale aliyoyatenda mwenyewe akafaulu, yale aliyoona wenzake wakiyatenda, maneno ya watu anaowaamini, na namna anavyoisoma hali ya mwili wake. La kwanza ndilo lenye nguvu kuliko yote.

Sasa rudi kwenye saruji ya Kibera. Zoezi la mwanzo la balei ni kukunja magoti polepole, visigino vikiwa pamoja na vidole vikitazama nje, mgongo ukiwa wima. Mtoto wa miaka saba hulifanya siku ya kwanza. Wachezaji wakubwa wa London na Paris nao huanza siku yao kwa zoezi hilohilo. Hapa ndipo ninapoona ufundi mkubwa wa mfumo huu: hatua ya kwanza ni ndogo kiasi cha kufanikiwa leo, na ni ya kweli kiasi cha kudumu maisha yote. Mtoto hapewi ushindi wa kubembelezwa. Anapewa kipande halisi cha kazi.

Kwenye barafu kipande hicho ni kuanguka. Kunja magoti, egemea upande, pokea uzito kwa paja badala ya kiganja, kunja vidole ngumi ili vyuma vya viatu vya wengine visivikate, piga magoti, weka mguu mmoja, simama. Mtoto aliyefanya hivyo kwa hiari yake mara kadhaa hashangazwi tena na anguko. Moyo bado utadunda, lakini ataujua mdundo huo kuwa ni wa mwili unaojiandaa. Kocha anayeruka hatua hii ili awahi mizunguko anajenga juu ya hofu, na hofu hiyo itatokeza siku ya mruko wa kwanza.

Chumba cha Spurgeons kinafunza pia kwa kile ambacho hakina. Studio za balei huwa na kioo ukuta mzima, na kioo humsaidia mtoto kujirekebisha, ila pia humfanya ajilinganishe na jirani kila sekunde. Pasipo kioo, lazima asikilize goti lake, nyayo zake na jicho la mwalimu. Barafuni nako hakuna kioo. Anayejua kwa hisia kwamba bega la kushoto limetangulia ana silaha ambayo makofi ya jukwaani hayawezi kumpa wala kumnyang'anya.

Kuhusu mifano ya kuigwa, Joel Kioko alikulia Kuwinda, mtaa wa mabanda ulio kando ya Karen, akafunzwa na Mmarekani Cooper Rust wa Dance Centre Kenya, na mwaka 2017 akajiunga na English National Ballet School, London. Kwa mtoto wa Kibera, Kioko ana uzito kuliko bingwa yeyote wa Olimpiki kwenye simu, kwa sababu mfano hufanya kazi zaidi unapofanana nawe. Hata hivyo hadithi yake ikigeuzwa kipimo, watoto mia watajiona wameshindwa kwa sababu mmoja alipanda ndege. Aliye karibu zaidi ni yule aliyeweza mwezi jana kile unachojaribu leo. Mweke huyo mbele yako kwenye mstari.

Maneno ya mwalimu nayo yana kanuni zake. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao walilegea walipokutana na maswali magumu, ilhali waliosifiwa kwa bidii waliendelea kung'ang'ana. "Mwanangu ana kipaji," ambayo mzazi huisema kwa upendo mtupu akiwa nje ya uzio, humwachia mtoto kitu cha kupoteza. "Goti umelikunja kabla ya kuruka" humwachia kitu cha kurudia.

Jukwaa lisiharakishwe. Mwaka 2022 shirikisho la kimataifa la kuteleza liliamua kupandisha hatua kwa hatua umri wa chini wa mashindano ya wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17. Ikiwa mabingwa wanalindwa hivyo, mtoto wa miaka tisa anaweza kusubiri onyesho lake la kwanza.

Wakati huo kazi ifanyike mtaani. Mruko wa kwanza wa mchezo huu ni wa nusu mzunguko: unaondoka ukitazama mbele, unatua kwa mguu wa pili ukirudi kinyumenyume. Uwanja wa shule Kawangware unatosha. Mtoto aruke ardhini kwa viatu vya kawaida, atue kwa mguu mmoja, goti limekunjwa, mikono imefunguliwa, abaki hivyo hadi kocha ahesabu tatu. Akitua imara kila anaporuka, ndipo nauli ya Mombasa Road itolewe. Huko barafuni aanze kwa kuanguka, ajaribu mruko akiwa bado na nguvu, na dakika za mwisho, miguu ikiwa imechoka, azitumie kwa jambo analoliweza tayari, ili mwili uondoke uwanjani ukikumbuka hilo.