"Kisanduku Cheusi": Uhakiki wa Istilahi za Bima ya Gari kwa Madereva Vijana

Hivi karibuni ililetwa mezani petu tafsiri ya Kiswahili ya mkataba wa bima ya gari uliotungwa Uingereza. Aliyeileta ni mfasiri aliyeifanya kwa ajili ya mzazi mmoja mzungumzaji wa Kiswahili anayeishi huko, ambaye mwanawe wa miaka 18 alikuwa amepata leseni ya udereva na kuhitaji kukatiwa bima. Mfasiri alitaka kujua tu kama istilahi alizozitumia zingekubalika. Tulipozisoma kurasa zake tuliona kwamba sarufi yake ni safi na tahajia yake haina dosari. Hata hivyo, mzazi yule angetia saini kwa kuitegemea tafsiri ile, angekuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa kuwa makosa tuliyoyaona si ya mfasiri huyo peke yake, bali yanatokana na njia ya kuunda istilahi inayozidi kuenea, tumeonelea vyema, kwa idhini yake, tuyajadili hapa.

Kitu chenyewe

Haifai kulihakiki jina kabla ya kukijua kitu kinachoitwa kwa jina hilo. Nchini Uingereza kijana huruhusiwa kuendesha gari akiwa na umri wa miaka 17, na tangu sheria ya mwaka 1930 haruhusiwi kuliingiza gari barabarani pasipo bima ya kufidia madhara atakayowapata watu wengine. Madereva wapya hupata ajali nyingi kupita kiasi cha idadi yao, na kwa sababu hiyo ada wanazotozwa ni kubwa mno. Kwa miaka mingi kampuni za bima zilipanga ada kwa kumtazama mtu kama mmoja wa kundi: umri wake, mahali anapokaa, aina ya gari lake, na kama ni mwanamume au mwanamke. Tarehe 1 Machi 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kigezo hicho cha mwisho kisitumike tena, na uamuzi huo ulianza kutekelezwa tarehe 21 Desemba 2012, wakati Uingereza ilipokuwa bado mwanachama wa Umoja huo. Jambo hili lilizidisha hamu ya kampuni kutafuta njia ya kumpima dereva mmoja mmoja badala ya kulipima kundi lake.

Njia hiyo ni kifaa kidogo kinachofungwa ndani ya gari, aghalabu chini ya dashibodi. Kifaa hupokea ishara za setilaiti na kujua gari liko wapi na linakwenda kasi gani. Aidha, kina kipimo kinachohisi gari linapofunga breki ghafla, linapoongeza kasi kwa nguvu na linapokata kona. Hutunza pia saa za safari na umbali uliokwendwa. Habari hizi hupelekwa kwa kampuni kwa njia ya mtandao wa simu, zikapimwa, na dereva akapewa alama. Alama nzuri huweza kumpunguzia ada mkataba unapohuishwa. Alama mbaya huweza kumwongezea, na mwendo wa kasi uliokithiri huweza kusababisha mkataba kuvunjwa. Mtu aliyewahi kuvunjiwa mkataba hulazimika kulieleza jambo hilo kila kampuni nyingine inapomwuliza, naye hupata taabu kubwa kukubaliwa tena.

Ubaya wa "kisanduku cheusi"

Mfasiri wetu aliuita mkataba huo "bima ya kisanduku cheusi". Amefuata Kiingereza neno kwa neno, na hatuna budi kukiri kwamba hakulibuni jina hilo, kwani vyombo vyetu vya habari vimekwisha kulizoea katika habari za ajali za ndege. Lakini hapo ndipo tatizo linapoanzia, maana msomaji wa Kiswahili akilikuta neno "kisanduku cheusi" hukumbuka ndege.

Kinasa habari cha ndege, ambacho Mwaustralia David Warren alikuwa mmoja wa waasisi wake katika miaka ya 1950, hakina weusi wowote: hupakwa rangi ya machungwa ili kionekane kwa urahisi katika mabaki. Kasoro ya rangi, hata hivyo, ni ndogo. Lililo kubwa ni kwamba kisanduku cha ndege hufunguliwa hasa baada ya maafa, nacho hufunguliwa na wachunguzi ambao, kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za usafiri wa anga, shabaha yao pekee ni kuzuia ajali nyingine, wala si kumtafuta wa kulaumiwa. Kisanduku cha gari la kijana hakingojei ajali. Husema wakati wote gari linapotumika, na husema na mmoja wa watu wawili waliofunga mkataba, ambaye ndiye mwenye kupanga bei. Kwa hiyo mzazi anayesoma "kisanduku cheusi" huelewa kwamba gari limewekewa shahidi wa ajali, ilhali limewekewa mpimaji wa kila siku. Istilahi inayomfanya msomaji aelewe kinyume cha mambo yalivyo haiwezi kutetewa kwa hoja kwamba imekwisha zoeleka.

Yapo mawili mengine. Wahandisi hutumia maneno hayohayo ya Kiingereza kwa chombo chochote ambacho mtu huona kinachoingia na kinachotoka pasipo kujua kinachotendeka ndani. Maana hiyo ingelifaa hapa kuliko ile ya ndege, lakini haimo katika mazoea ya msomaji wetu wa kawaida. Pili, siku hizi kampuni kadhaa hazifungi kisanduku chochote, bali hutumia programu iliyomo katika simu ya dereva. Jina lililotokana na umbo na rangi hupoteza maana mara umbo linapobadilika.

Je, tutohoe?

Wako watakaopendekeza tutohoe na kusema "bima ya telematiki". Neno hilo lilibuniwa kwa Kifaransa na Simon Nora na Alain Minc katika taarifa yao ya mwaka 1978 juu ya kompyuta na jamii, kwa kuunganisha neno la mawasiliano ya mbali na neno la elimu ya habari. Hatupingi utohoaji, lugha yetu imetajirika kwa njia hiyo, na neno "bima" lenyewe ni la kigeni. Lakini "bima" ilikuja pamoja na biashara yake, watu wakaitumia hadi ikawa yao. Ushahidi ni kwamba madereva wa Tanzania hawakungoja kamati yoyote ili wapate kusema "bima kubwa" na "bima ndogo", majina ambayo humwambia mtu papo hapo ni ipi itakayomlipia gari lake na ni ipi itakayomlipia yule aliyegongwa tu. "Telematiki" inaweza kumfaa mhandisi anapozungumza na mhandisi mwenzake. Kwa mzazi mwenye kalamu mkononi, haisemi neno.

Pendekezo letu

Kiswahili kina tayari mali ya kutosha. Tuna "kinasa sauti", ambacho wote wanakifahamu: chombo kisichomzuia mtu kusema, bali hunasa alichokisema na kukitunza. Tuna pia neno "mwenendo", ambalo Watanzania wamelizoea katika habari za kufuatilia mwenendo wa mabasi ya masafa marefu. Kwa hiyo twapendekeza kifaa kiitwe "kinasa mwenendo", na mkataba uitwe "bima ya mwenendo wa gari".

Tulipima kwanza neno "mwendo", tukaliacha kwa sababu mbili. Kwanza, kifaa hiki hakinasi kasi peke yake. Pili, "kidhibiti mwendo" ni jina la kifaa kingine kabisa, kile ambacho matatu za Kenya zililazimishwa kufunga mwaka 2004 katika kanuni za Waziri John Michuki. Kidhibiti hulizuia gari lisipite kasi iliyowekwa. Kinasa hakimzuii dereva hata kidogo, humwacha aende apendavyo kisha humwandikia hesabu. Ni lazima majina ya vifaa hivi viwili yatofautiane, kwa sababu mzazi akidhani kwamba gari la mwanawe limedhibitiwa, atalala usingizi usio na msingi.

Tunakubali kwamba pendekezo letu lina udhaifu wake. "Mwenendo" ni pia tabia ya mtu, na yupo atakayeuliza kama ni haki kuuhukumu mwenendo wa kijana kwa ushahidi wa chombo kisichoona. Kijana akifunga breki ghafla kwa kumkwepa mtoto aliyekimbilia mpira barabarani, chombo hunasa breki, hakinasi mtoto. Hoja hiyo ina uzito, nayo ndiyo iliyotufanya tuongeze maneno "wa gari" katika jina la mkataba. Kinachonaswa na kifaa kilichofungwa garini ni mwenendo wa gari, yeyote awaye nyuma ya usukani. Anayetozwa ni mwenye bima. Pengo lililopo kati ya mambo hayo mawili linafaa lionekane katika jina.

Istilahi nyingine katika tafsiri hiyo

Mkataba ulikuwa na sharti la kutoendesha gari usiku, na mfasiri akaliita "amri ya kutotoka nje". Hiyo ni amri ya serikali wakati wa hatari. Hapa panatosha kusema "saa zisizoruhusiwa kuendesha". Kosa zito zaidi limo katika saa zenyewe. Alinakili tarakimu za Kiingereza na kuandika "kuanzia saa 11 usiku hadi saa 5 asubuhi". Kwa hesabu ya Kiswahili marufuku hayo yangeanza karibu na alfajiri na kwisha kabla ya adhuhuri. Kijana angeacha gari wakati wa kwenda chuoni na kuliendesha katikati ya usiku, wakati uleule aliokatazwa. Ilipasa iandikwe "kuanzia saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri".

Neno "alama" limetumika kwa mambo mawili yanayopingana. Katika bima, alama nyingi ni sifa. Katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1995 juu ya madereva wapya, alama ni adhabu, na mwenye kufikisha 6 katika miaka 2 ya mwanzo hunyang'anywa leseni. Twashauri pasiandikwe "alama" peke yake kamwe: pawepo "alama za uendeshaji" kwa ile ya kwanza, na "alama za adhabu" kwa ile ya pili.

Kiasi ambacho mwenye bima hujilipia mwenyewe kabla kampuni haijalipa fidia kimeitwa "ziada", kwa kuwa neno la Kiingereza lina maana hiyo katika mazungumzo ya kawaida. Msomaji akiona "ziada ya dereva kijana" atadhani kuna nyongeza atakayopewa, kumbe ni mzigo atakaoubeba, tena kwa kijana huwa mkubwa zaidi. Tunapendekeza "sehemu ya mwenye bima".

Mwisho, tafsiri inasema kampuni "itashiriki data zako na wahusika wengine". Kushiriki ni kuwa na fungu katika jambo pamoja na wengine: tunashiriki mazishi, tunashiriki mkutano. Kampuni haishiriki chochote hapa. Inatoa habari za mtu na kuwapa wengine. Basi na isemwe hivyo: "kampuni itawapa watu wengine habari zako". Sentensi hii humfanya msomaji aulize, "Watu gani?", na sheria ya Uingereza ya mwaka 2018 juu ya ulinzi wa habari za watu inampa haki ya kuuliza na ya kupatiwa nakala ya habari zake. Sentensi ya kwanza humpitisha jambo hilo pasipo kushtuka.

Hitimisho

Tulimrudishia mfasiri kurasa zake pamoja na masahihisho haya, naye akaiandika upya tafsiri na kuipeleka kwa mzazi. Baadaye alitueleza kwamba mzazi, alipofika penye "kinasa mwenendo wa gari", alisita na kuuliza: kaka yake kijana akiliazima gari usiku, hesabu itaandikwa kwa nani? Katika kuisoma tafsiri ya kwanza hakuwa na swali hata moja.

Mapendekezo tuliyoyatoa hayajawa sanifu. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa idara zinazohusika na bima na usafiri wayajaribu katika kazi zao na kutuletea maoni, hasa wale ambao wamekwisha sikia watu wenyewe wakikiita kifaa hiki kwa jina lililo bora kuliko letu.