Mwalimu wa Kisenyi na Hesabu ya Rwenzori

Kisenyi, mtaa wa Kampala nchini Uganda, imelala bondeni, kati ya vilima vya Mengo na Old Kampala, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Vinu vya mahindi vinanguruma kutwa, na mwalimu wa hapa hujifunza mapema kupaza sauti. Mwalimu huyo akipata kazi ya kufundisha watoto nje ya darasa, kule kwenye milima ya Rwenzori, zaidi ya kilomita 300 magharibi, miguu yake itazoea upesi. Kinachochukua muda ni kujua watoto walale wapi, na lini yeye anyamaze.

Tuanze na kulala. Kanuni ya wapanda milima ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usiku unaofuata usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Njia ya Nyakalengija ya kupanda Rwenzori inaanzia mita 1,600 na ushei. Kibanda cha Nyabitaba kipo mita 2,650 hivi, na cha John Matte karibu 3,400. Hatua hiyo ya pili inapandisha zaidi ya mita 700 kwa siku moja. Watu wazima wengi huivumilia. Kwa darasa la watoto, ni kubwa mno.

Tena mtoto mdogo hasemi kwamba mwinuko unamsumbua. Anasukuma sahani, ananyamaza, ananuna, anabaki nyuma ya wenzake. Mwalimu mgeni ataona ukaidi, na hapo ndipo hatari ilipo. Atamtambuaje aliyebadilika kama hakumjua alivyokuwa? Ndiyo maana siku za kwanza zinafaa kutumika chini, kwenye vijia vya vijiji na kando ya mto Mubuku: nani mchangamfu asubuhi, nani hula polepole, nani huficha maumivu.

Loitokitok, upande wa Kenya wa Kilimanjaro, mpangilio huu wa kuanzia chini una historia ndefu. Outward Bound, mfumo ulioanzishwa na Kurt Hahn na Lawrence Holt huko Aberdovey, Wales, mwaka 1941, ulifungua shule yake ya mlima hapo mwaka 1952. Wanafunzi walianza na mazoezi na safari fupi. Kilimanjaro yenyewe, mita 5,895, ilikuja baadaye. Katika mfumo huo mkufunzi huonyesha kila kitu mwanzoni, kisha hujiondoa kidogo kidogo: ramani inashikwa na wanafunzi, chakula wanagawana wao, mwendo wanapanga wao. Yeye anafuata nyuma, na haingilii mpaka aone hatari.

Kwa aliyetoka darasa lililofurika, kufuata nyuma ni kazi ngumu kuliko mlima. Watoto wakibishana njia panda, ulimi unawasha. Avumilie. Watoto waliozoea kubeba jerikani za maji wanajua kupokezana mzigo bila kufundishwa, na mwalimu anayewahi kupanga kila kitu anawanyima nafasi ya kuonyesha ujuzi huo.

Lipo jambo moja lisiloachiwa mjadala wa watoto: kurudi. Waongozaji wa Rwenzori, wengi wao Wakonzo waliokulia chini ya milima hiyo, wanaijua mvua na mito kuliko mgeni yeyote. Kabla ya kuondoka, mwalimu na mwongozaji wakubaliane nani atasema "tunarudi", na saa ngapi. Neno hilo liwe la mwongozaji, hata kama cheo cha mwalimu kinasema vingine.

Muhula wa kwanza, Nyabitaba inatosha. Ni mwendo wa saa tano hivi kwa mtu mzima, kwa hiyo watoto waanze asubuhi na mapema, katika miezi yenye nafuu ya mvua, kama Januari au Julai. Kila mmoja avae gambuti, na soksi kavu za kulalia zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki. Walale usiku mmoja, kisha washuke.